Mama Virginie Mujinga na Poda Iliyorudi Nyumbani

Leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Virginie Mujinga anatundika aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika Atelier Adalbert, karakana yetu ya magari hapa njia ya Karavia, Lubumbashi. Alikuja mwaka 1994 na mkasi wake ndani ya mfuko wa kitenge, na leo anaondoka na mkasi uleule. Katikati hapo amepitia viti, mazulia na dari za magari, na mwisho akafika kwenye ile ngozi nyembamba ya plastiki inayobandikwa juu ya rangi ya gari ili mawe ya njiani yasiijeruhi. Sisi tunaiita film tu.

Madame Gaëlle, mkurugenzi wetu, ndiye aliyenituma niandike wasifu huu na kuusoma leo mbele yenu. Nadhani alinichagua kwa sababu hakuna mtu katika atelier hii aliyerudishiwa kazi na Mama Virginie mara nyingi kunipita. Mimi ni wa mashine ya kung'arisha. Kabla film haijabandikwa, rangi lazima iwe laini na safi kabisa, maana kilichofunikwa kimefunikwa: unyoya mmoja ukibaki chini ya film, utaishi humo miaka yote. Basi kila nilipomaliza gari, nikiwa tayari nimejisifu moyoni, Mama Virginie alikuja na tochi yake, akainama, akaangalia kwa upande, kisha akatoa hukumu: «Aristote, rangi iko na mawingu. Rudilia.» Nilinung'unika, nikarudilia. Mara nyingi mawingu yalikuwapo kweli, na mara chache yalikuwa kwenye miwani yake, lakini nani angethubutu kumwambia?

Mama Virginie ni mzaliwa wa mtaa wa Kamalondo, mtoto wa kwanza wa familia ya Kikatoliki iliyoshuka kutoka kaskazini mwa Katanga wakati baba yake alipopata kazi ya reli. Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani ilikaa barazani, karibu na njia, wapita njia waione. Virginie alikuwa anasomea ualimu, mwaka wa tano wa sekondari, mwaka mmoja tu kabla ya mwisho, mama yake alipougua na cherehani ikakosa mguu wa kuiendesha. Mtoto wa kwanza hasubiri kuitwa. Alivua sare ya shule, akaketi pale barazani.

Mwaka uliofuata wenzake wa darasa walifanya mtihani wa serikali, huu tunaouita Examen d'État. Kwa yule ambaye hajawahi kuona siku ya matokeo katika mji wetu, nieleze kidogo. Mtu akifaulu, ndugu na marafiki wanammwagia poda nyeupe, ile ya watoto wachanga, kuanzia utosini hadi mabegani. Naye haogi. Anatembea mitaani hivyo hivyo mpaka jioni, mweupe kama mtu aliyetoka kwenye kinu cha unga, ili kila anayekutana naye ajue kwamba nyumba fulani imepata diplome, cheti cha sekondari. Siku ile Virginie alikuwa kwenye cherehani, anamalizia nguo za sherehe za wale wenzake. Walikuja kuzichukua vichwa vyeupe, wakicheka, wakimkumbatia, na poda ikawa inaangukia juu ya kitambaa.

Kisa hiki alikisimulia mara moja tu, mimi na Madame Gaëlle tukiwepo, huku tunangoja bampa ikauke. Hakuwa na uchungu sautini, na macho yake hayakuiacha ile bampa. «Nilikuwa nakunguta nguo zao,» alisema. «Poudre ilikuwa inaanguka chini, nafagia.» Kisha akagusa bampa kwa kidole, akasema imekauka, turudi kazini.

Papa Adalbert, mwanzilishi wa atelier, Mungu amrehemu, alimwajiri kushona viti. Siku ya kwanza alimpa kiti cha pikapu kilichochanika, akitaka kifunikwe kabla ya jioni. Mama Virginie aliomba kwanza mfuko mtupu wa saruji. Papa Adalbert alifikiri fundi wake mpya anataka kubebea kitu nyumbani. Kumbe alitaka karatasi ya kukatia kielelezo, patron, kama anavyokata gauni la bibi harusi. Kiti hakikuisha jioni ile, na Papa Adalbert alinuna. Kilipoisha alikikalia, akainuka, akaenda kununua mifuko mingine mitupu.

Film ilikuja baadaye sana. Madame Gaëlle alikuwa amerudi kutoka masomo ya Afrika Kusini na kuchukua usukani wa atelier ya baba yake, akaja na roli moja kubwa na maelezo mengi. Tulijaribu kwenye mlango wa teksi iliyokufa. Sisi wanaume tulivuta ile film kwa nguvu zetu zote, tukapata mikunjo kama uso wa mzee wa miaka tisini. Mama Virginie alituangalia kwa muda kutoka kwenye cherehani yake, akavumilia, kisha uvumilivu ukamwishia. Alikuja, akanyunyiza maji ya sabuni, akaishika film kwa ncha za vidole. Alituambia kwamba ni kama kitambaa cha kukatwa biais, yaani mshazari: kuna upande unaokubali kuvutika na kuna upande unaokataa, na mtu mwenye adabu anauliza kwanza. Akachukua raklete, kile kipande cha mpira cha kusukumia maji nje, akapita nacho polepole kutoka katikati kwenda pembeni. Mlango wa teksi uling'aa kuliko ulivyong'aa siku uliponunuliwa. Tangu siku hiyo cherehani ilipata mshonaji mwingine, na chumba cha film kikapata mwenyewe.

Kupata mwenyewe maana yake ilikuwa kupata sheria. Lubumbashi ni mji wa vumbi jekundu, na kiangazi vumbi hilo linaingia hata ndani ya sala. Mama Virginie aliweka gunia lililoloweshwa mlangoni, na kila anayeingia lazima asimame juu yake kwanza. Sakafu humwagiwa maji kabla ya kazi, nywele hufungwa, sweta huachwa nje. Kama umetoka safari ya vumbi ya Kasomeno, usisogee hata dirishani. Hakuna aliyesamehewa. Siku padri wa parokia alipokuja kubariki chumba, alisimama juu ya gunia kama sisi wote, na viatu vyake vizuri. Mle ndani kulikuwa na gari jeusi, limetoka tu kung'arishwa, na padri akalinyunyizia maji ya baraka kwa ukarimu mkubwa. Sasa kila mtu wa kazi yetu anajua kwamba tone la maji likikaukia juu ya rangi nyeusi linaacha doa. Mama Virginie alimfuata padri nyuma na kitambaa laini, anaitikia Amina na kufuta, Amina na kufuta, mpaka gari lote likazungukwa. Padri aligundua mwishoni, akacheka hadi akashika ubavu. Mama Virginie hakucheka. Alisema baraka imeshaingia, maji hayana kazi tena.

Hili la shule tulichelewa kulijua. Film ikishabandikwa, lazima ingojewe ishike kingo zake, na katika kungoja huko Mama Virginie alijifungia chumbani. Sisi tulidhani anasali rozari, naye alituacha tudhani. Kumbe alikuwa anasoma. Alikuwa ameanza kujiandaa kwa Examen d'État kama mtahiniwa wa kujisomea mwenyewe, na katika mkondo uleule wa ualimu aliouacha. Mwaka jana alijaribu akaanguka. Hakumwambia mtu isipokuwa Bijou, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyekuwa akimsaidia hesabu jioni. Bijou alipofaulu mtihani huohuo zamani, mama yake ndiye aliyemmwagia poda, kopo zima, mpaka majirani wakakohoa.

Mwaka huu alipoomba ruhusa ya kwenda kwenye mtihani, siri ikatoka. Madame Gaëlle alimwambia kwa upole kwamba ataweza kujaribu tena baadaye, akishastaafu, akiwa na muda. Mama Virginie alikataa. Alitaka kufaulu akiwa bado mtu wa kazi, mwenye sabuni mikononi, maana kazi ndiyo iliyomtoa shule na kazi ndiyo ingemshuhudia akirudi. Kwa hiyo kuanzia siku ile atelier nzima ilijua anachongoja, na atelier nzima ikangoja naye. Hatukumwambia, lakini kopo la poda tulikuwa tumeshalizungumza.

Matokeo yalitoka katikati ya kiangazi, na yalitukuta na gari la Papa Stanislas. Papa Stanislas ana malori yanayobeba mizigo ya migodini, na kwa miaka mingi hakujinunulia kitu cha kufurahisha moyo wake. Mwaka huu alijinunulia gari la michezo, la manjano, lililo chini kiasi kwamba alilileta juu ya lori ili lisikwaruzwe tumbo na mashimo ya njia. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ile na angepanda humo, na malori ya wengine yanarusha kokoto bila kuuliza nani ni bibi harusi. Tuliliosha, tukalisugua kwa udongo laini unaonyonya uchafu uliojificha ndani ya rangi, nikaling'arisha, nikarudilia, nikarudilia tena. Mama Virginie akabandika bampa, madigadi na vioo. Ikabaki boneti, kapo kwa lugha yetu, pana na yenye mkunjo mkali katikati kama suruali iliyopigwa pasi.

Kipande cha boneti kinahitaji watu wawili. Mama Virginie alishika pembe mbili na Madame Gaëlle mbili, karatasi ya nyuma imeshavuliwa, upande wa gundi umelowa na umeangalia juu. Ndio wakati ambao hata kupiga chafya ni dhambi. Na ndio wakati alioingia Bijou getini akikimbia, simu mkono mmoja na kopo la poda mkono mwingine, akipiga vigelegele. Fils, mwoshaji wetu wa magari, anayeijua sheria ya gunia kuliko sala ya Baba Yetu, alipoona lile kopo alisahau sheria zote za dunia. Badala ya kumzuia, alimfungulia mlango. Bijou alimrushia mama yake poda kwa nguvu zote, kwa upendo wote.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona. Poda iliruka, ikatanda, ikashuka polepole juu ya gundi iliyolowa, na ile film ikawa kama ugali unaoanza kushika. Kipande kile ndicho kilichokuwa cha mwisho kwenye roli, na roli nyingine ilikuwa bado Afrika Kusini. Mama Virginie hakuachia pembe zake. Alimwangalia binti yake, akaangalia gari, na sauti yake ikatoka ya chini kabisa: «Bijou, rudisha hii poudre ku nyumba. Gari ya batu iko inangojea. Fils, funga mulango.»

Bijou alirudisha kifuniko juu ya kopo. Alilia kuanzia mlangoni hadi getini, akisema ameiharibu kazi ya mwisho ya mama yake. Fils naye alitaka kulia, lakini alipewa mpira wa maji amwage sakafu. Poda iliyokuwa imefika kwenye kitambaa cha kichwa Mama Virginie aliikung'utia nje mwenyewe, juu ya mchanga, kama alivyokung'uta zamani zile nguo za wenzake. Mimi niliona hilo na likanichoma. Nilikumbuka ile hadithi ya siku ya bampa, na nilijua kwamba yeye pia ameikumbuka.

Walijifungia humo upya, yeye na Madame Gaëlle. Waliosha chumba, wakaosha boneti. Muda ukapita, tukasikia sauti ya Mama Virginie nyuma ya mlango, ikimuuliza Fils aliyekuwa nje: «Kwani niko na ngapi?» Katika mchafuko ule wote hakuwa ameuliza. Fils alijibu kwamba Bijou amesema asilimia hamsini na tisa. Raklete ilikuwa inafanya ule mlio wake juu ya bati. Ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea.

Film ya kutosha haikuwepo, lakini vipande viwili vilivyobaki pembeni vilikuwepo, na mshonaji wa Kamalondo hakosi njia kwa sababu ya upungufu wa kitambaa. Alitoa karatasi yake ya mfuko wa saruji, akakata patron mbili, kushoto na kulia, na mshono akaulaza ndani ya ule mkunjo wa katikati ya boneti, mahali ambapo jicho lenyewe linategemea kuona mstari. Ni ujanja wa gauni: mshono usioweza kuuondoa, ufiche penye mkunjo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama Virginie aliinama juu ya boneti ile mpaka mgongo wake ukawa unatuuma sisi.

Papa Stanislas alipokuja kulichukua gari alizunguka, akafurahi, akatoa funguo mfukoni. Angeweza kuondoka bila kujua. Mama Virginie alimzuia, akakishika kidole chake, akakilaza juu ya mshono, akamweleza yote: roli, poda, binti, diplome. Alimwahidi kwamba film mpya ikifika atavua na kubandika kipande kizima bila mshono. Papa Stanislas alikipitisha kidole chake kwenye mshono mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo Fils hataacha kulirudia mpaka azeeke: «Mama, kapo ingengojea. Bangekumwangia poudre tu.» Roli mpya ilifika mwezi wa tisa. Tulimpigia simu, akakataa. Anasema mshono ule haumsumbui, na kila mgeni anayepanda lile gari anahadithiwa habari yake.

Lakini jioni ya siku ile ya matokeo, nyumbani Kamalondo, Bijou alimwomba mama yake akae barazani ammwagie poda sasa, kwa utulivu, majirani wakiona. Mama Virginie alikataa. Alisema furaha ina siku yake, na siku imepita, asubuhi kuna kazi. Hakukasirika. Alimbusu binti yake, akala, akalala. Diplome aliipata, na tulimpongeza, na kulikuwa na soda hapa ofisini. Poda hakumwagiwa. Bijou aliliweka kopo kabatini likiwa nusu, na ameniambia kwamba kila anapofungua lile kabati anageuza uso.

Nimeandika kisa hiki kirefu kuliko inavyotakiwa kwenye wasifu, najua. Ningeweza kujaza ukurasa kwa magari aliyoyavisha, au kwa Kiki, aliyemfundisha film na ambaye kuanzia Jumatatu ndiye mwenye chumba na mwenye tochi, na ambaye tayari ameniambia rangi yangu ina mawingu. Lakini nimefikiri sana wiki hizi. Mtu aliyetumia maisha yake kukinga vitu vya wengine visichafuke, asubuhi moja tu alitaka kuchafuliwa, na hata asubuhi hiyo aliitoa. Tulipokea kazi yake kila siku, na siku hiyo tulipokea na furaha yake pia. Hilo halikai vizuri moyoni mwangu, wala mwa Madame Gaëlle, wala mwa Fils, ambaye wazo lifuatalo ni lake.

Mama Virginie, asante. Asante kwa viti vya Papa Adalbert, kwa mlango wa teksi, kwa kila «rudilia». Asante kwa kumwambia mteja ukweli ambao asingeuona. Tunajua umeahidi kuanza mwezi wa kwanza kuwasaidia watoto wa parokia kusoma, na tunawahurumia mapema wale wenye mwandiko mbaya.

Sasa tazama mbele yako. Utaona kwamba uwanja ni mtupu. Magari yote yamehamishiwa kwa jirani tangu asubuhi, hata lile la manjano, ambalo Papa Stanislas amelileta kwa heshima yako na kuambiwa alipeleke mbali. Chumba cha film kimefungwa na gunia limeondolewa mlangoni. Hakuna gundi iliyolowa mahali popote, hakuna gari ya mtu inayongoja. Bijou ameketi nyuma yako, na kilicho chini ya kile kitenge magotini pake ni kopo lilelile, na mengine mapya Fils ameyaficha chini ya meza ya keki.

Maisha yawe mema kwako, Mama, huko unakokwenda. Vua miwani, fumba macho, na usikung'ute.

Aristote, mashine ya kung'arisha, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Atelier Adalbert